Mtego, Gogo, Miguu au Droni: Njia Ipi Ichaguliwe Kumfuatilia Mbawakawa wa Magome ya Misonobari

Mwezi Mei 2004, mitego iliyotundikwa mjini Fresno, katika jimbo la California, ilinasa mbawakawa mdogo wa kahawia ambaye hakuwa amewahi kupatikana akiishi huru Amerika Kaskazini, ingawa wakaguzi wa bandari walikuwa wameshamkamata mara nyingi ndani ya mbao za kufungia mizigo. Jina lake la kitaalamu ni Orthotomicus erosus, na asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania pamoja na sehemu za Asia. Mitego ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya ukaguzi wa kila mwaka wa wadudu wageni wa magome, kwa hiyo ilitimiza kazi iliyotumwa. Hata hivyo, wataalamu walipokwenda kubandua magome ya magogo na matawi katika maeneo ya jirani, walimkuta mdudu huyo ameshajikita na anazaliana kwa wingi. Mtego ulileta habari ya kweli, lakini mdudu alikuwa ameitangulia.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu ufuatiliaji wa wadudu hawa huanzia kwenye swali la kifaa, yaani ninunue mtego gani au droni gani, wakati ambapo swali la kwanza lingepaswa kuwa ni jambo gani hasa tunataka kulijua. Kuna anayetaka kujua kama mdudu amefika. Kuna anayejua kwamba amefika na sasa anataka kujua anazaliana wapi. Na kuna yule ambaye miti yake imeanza kufa na anataka hesabu ya miti hiyo. Hakuna njia moja inayoyajibu yote matatu vizuri, na fedha nyingi hupotea pale ambapo njia ya swali moja inatumwa kujibu swali la pili.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Msonobari ambao wengi wetu tunauita msindano, na ambao mbao zake sokoni ni mbao za paini, kwa sehemu kubwa ni Pinus patula, mti ulioletwa kutoka Meksiko. Ndio unaojaza Shamba la Miti Sao Hill wilayani Mufindi na mashamba ya wakulima wadogo kuelekea Njombe, na ndio huohuo unaopandwa kwa wingi Afrika Kusini. Huko tayari wanaishi na mbawakawa watatu wa magome waliotoka Ulaya: Hylurgus ligniperda, aliyerekodiwa tangu karne ya 19, Hylastes angustatus wa miaka ya 1930, na huyo Orthotomicus erosus aliyerekodiwa mwaka 1968. Wadudu wa miti hawasubiri pasipoti. Kidukari wa mikrismasi, yaani miseda ile ya uani na ya mashambani, alionekana Malawi mwaka 1986 na kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Kenya.

Mtego wa faneli

Mtego unaotumika zaidi duniani ni ule uliobuniwa na Staffan Lindgren nchini Kanada na kuelezwa mwaka 1983. Ni faneli nyeusi za plastiki, nane au kumi na mbili au zaidi, zinazoning'inia moja juu ya nyingine hadi zionekane kwa mbali kama shina la mti. Mbawakawa anayeruka huligonga shina hilo la uongo, anateleza kutoka faneli hadi faneli, na mwisho anaangukia kwenye kikombe cha chini. Kinachomvuta ni chambo. Chambo cha jumla ni alkoholi pamoja na alfa-pineni, ambayo ni sehemu ya ile harufu kali ya utomvu wa msonobari. Mchanganyiko huo humwambia mdudu kwamba karibu hapa kuna msonobari unaokufa au uliokatwa. Chambo mahsusi huongezwa feromoni, yaani harufu ambazo wadudu wenyewe hutoa ili kuitana, na kwa Orthotomicus erosus feromoni zinazofanya kazi ni methilibutenoli na ipsidienoli.

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Kagera aliyewahi kutundika chupa ya plastiki yenye alkoholi ili kumnasa ruhuka anaijua kanuni hii bila kufundishwa, na wala si ajabu, kwa sababu ruhuka na mbawakawa wa magome ni wa ukoo mmoja. Vilevile waliofanya kazi ya kumfuatilia dumuzi wa mahindi, aliyeingia kupitia Tabora na kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitumia mitego ya feromoni miaka mingi. Tofauti ni kwamba dumuzi na ruhuka tunawafahamu, na tunajua chambo chao. Kwa mgeni ambaye hatujui atakuwa nani, inatubidi tutumie chambo cha jumla, na chambo cha jumla huvuta kila mdudu anayependa mti unaooza.

Hapo ndipo gharama halisi ya mtego inapojificha. Faneli hununuliwa mara moja, lakini chambo huisha nguvu baada ya wiki kadhaa, na katika joto huisha upesi zaidi, kwa hiyo lazima kinunuliwe tena na tena, mara nyingi kutoka ng'ambo. Kikombe kinatakiwa kimwagwe kila baada ya wiki moja au mbili; kikikaa zaidi, masika hukijaza maji na wadudu huoza hadi wasitambulike. Halafu kuna ule mchanganyiko wenyewe: vitu vya kahawia vya milimita mbili, tatu, vilivyochanganyika na nyigu, nondo na majani, ambavyo mtu mmoja aliyefunzwa lazima avichambue kimoja kimoja chini ya hadubini. Nimeona mipango inayotenga fedha za mitego 20 bila kutenga fedha za mchambuzi hata mmoja, na sampuli hubaki kabatini.

Kosa jingine ni la mahali. Mtego ukitundikwa kwenye msonobari wenyewe, au karibu yake sana, baadhi ya mbawakawa walioitwa na chambo hawataingia kwenye faneli bali wataushambulia mti ulio jirani. Mtego unafaa utundikwe kwenye nguzo, au kwenye mti usio msonobari, pembezoni mwa shamba au kwenye uwazi. Na kikombe kikiwa kitupu, maana yake ni kwamba siku hizo hakunaswa mdudu mahali hapo, na si zaidi ya hapo.

Gogo la mtego

Njia hii ni ya zamani, haina plastiki wala harufu ya kununua, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Unakata msonobari mbichi, unaukatakata vipande vya urefu wa kama mita moja, na kuvilaza kivulini mahali palipochaguliwa, vingine vikigusana na udongo. Gogo lenyewe ndilo chambo, kwa kuwa linatoa harufu zilezile ambazo kiwanda hujitahidi kuziiga. Likiachwa juani, utando laini wa chini ya gome hukauka upesi na mbawakawa hawalitaki tena. Ndiyo maana kivuli si hiari.

Baada ya muda, dalili ya kwanza huwa ni vijirundo vya unga wa kahawia iliyoiva juu ya gome, kama mtu amemwaga ugoro kidogo kidogo. Chukua panga, ingiza ncha chini ya gome karibu na kijirundo kimoja, na ubandue taratibu kufuata urefu wa gogo. Ikiwa ni Orthotomicus erosus, utakuta kichumba kidogo kilichochimbwa na dume, na kutoka humo njia mbili au tatu zinazokwenda kwa urefu wa gogo, kila moja ikiwa ya jike wake, maana dume huyu ni wa mitala. Kingoni mwa kila njia kuna vishimo vidogo vilivyopangana ambamo mayai yametagwa, na kutoka kila kishimo huanza kinjia chembamba kama uzi kinachopanuka kadiri buu anavyokua. Mwisho wa kinjia utamkuta buu mwenyewe, mweupe, asiye na miguu, kichwa cha rangi ya kaharabu. Mtego wa faneli hauwezi kukuonyesha hayo. Mdudu aliyekufa kikombeni anaweza kuwa aliteremka kwenye lori jana, lakini buu chini ya gome ni mzaliwa wa hapo.

Gogo lina faida nyingine ambayo watafiti wa Afrika Kusini wameieleza vizuri, nayo ni kwamba wale mbawakawa watatu hugawana gogo moja. Orthotomicus erosus hukaa sehemu za juu zisizogusa ardhi, ilhali wale wawili, Hylurgus na Hylastes, hupendelea upande wa chini unaogusa udongo au uliofukiwa kabisa. Mkaguzi anayebandua gome la juu tu na kuondoka amekagua nusu ya gogo. Ni lazima aligeuze.

Hatari yake nayo si ndogo. Gogo ni mtego kwa wiki chache za mwanzo tu. Katika majira ya joto kizazi kizima kinaweza kukomaa haraka, na gogo lililosahaulika hugeuka kitalu kinachoachilia mbawakawa wengi kuliko wale lililowaita. Kwa hiyo kila gogo lazima liwe na namba, tarehe ya kulazwa na tarehe ya kuondolewa, na siku hiyo ya pili ikifika libanduliwe magome yote au lichomwe moto, hata kama mkaguzi ana homa na gari halina mafuta. Shamba lisiloweza kuahidi hilo lisiweke magogo kabisa.

Kuna mazingira ambamo gogo la mtego halina kazi, nayo ni eneo lililovunwa karibuni. Vilele, matawi manene na visiki vimetapakaa kote, na gogo lako moja linashindana na maelfu. Hapo huhitaji kuweka chochote, kwa sababu mabaki ya uvunaji ndiyo magogo ya mtego, tena ya bure. Vivyo hivyo mabanzi yenye magome yaliyorundikwa kando ya mashine za kupasulia mbao, zile ambazo watu wa Mafinga huziita dingdong. Mtu mwenye panga, mfuko wa vichupa na saa mbili kwenye rundo la mabanzi anaweza kujua mengi kuliko mtego wa miezi miwili.

Kukagua kwa miguu

Ubora wa njia hii unategemea tabia ya mdudu kuliko njia nyingine yoyote, na mfano ulio wazi uko China. Dendroctonus valens, mbawakawa mwekundu mwenye urefu wa milimita 6 hadi 9 hivi, aliingia huko kutoka Amerika Kaskazini, akaonekana katika jimbo la Shanxi mwaka 1998, na kuanzia 1999 akalipuka na kuua misonobari zaidi ya milioni 6. Kwao Amerika ni mdudu ambaye kwa kawaida huishia kwenye miti iliyodhoofika na visiki. Mdudu huyu hushambulia sehemu ya chini ya shina na mizizi mikubwa, na mti hujibu kwa kumwaga utomvu unaochanganyika na unga anaoutoa akitoboa, ukaganda kuwa mabonge mekundu yanayofifia hadi kuwa meupe. Mabonge hayo yako kwenye kimo cha kiuno au chini yake, kwa hiyo mlinzi wa msitu aliyeonyeshwa mara moja huyaona akipita.

Hylastes angustatus naye hupatikana kwa miguu, ila kwa namna tofauti. Mbawakawa hawa huzaliana kwenye visiki na mizizi ya miti iliyovunwa, kisha wakubwa hutafuna gome la miche iliyopandwa upya pale pale, wakiizungushia shingo kidonda chini kidogo ya usawa wa udongo. Mche hukauka, na mtu akiutazama kwa juu atasema ni ukame. Ung'oe, upanguse udongo, utazame shingo. Hakuna mtego wala setilaiti itakayokufanyia kazi hiyo ya dakika moja.

Kwa upande mwingine, mbawakawa anayeanzia sehemu za juu za mti hataonekana na anayetembea, kwa sababu tundu la kuingilia ni dogo kama ncha ya kalamu na unga wake hupeperushwa na upepo kabla haujafika chini. Hapo miguu hufika pamoja na kifo cha mti.

Droni na setilaiti

Sitakaa sana hapa. Picha ya juu huonyesha mti uliobadilika rangi, na mti hubadilika rangi baada ya mbawakawa kuzaliana ndani yake na mara nyingi baada ya kizazi kipya kuondoka. Katika kipindi ambacho kukata mti kungesaidia, majani bado ni ya kijani. Isitoshe, wekundu wa majani una sababu nyingi: moto uliopita chini, ukame, kuvu wa Diplodia anayeshambulia baada ya mvua ya mawe. Droni inafaa pale ambapo eneo ni kubwa, barabara ni chache na unataka kujua pa kuwatuma watu wenye panga. Ikitumika hivyo, inaokoa siku nyingi za kutembea. Ikitumika badala ya watu hao, inatoa picha nzuri za miti iliyokufa.

Nani achague nini

Bandari, bandari kavu, na maghala yanayopokea mizigo yenye paleti na mbao za kukingia zichague mitego ya faneli yenye chambo cha jumla. Swali lao ni kama mgeni amefika, na mgeni huyo hufika kwa mbao. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002, inataka mbao za kufungia mizigo zipashwe joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo kufika katikati ya ubao, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyoidhinishwa, kisha zigongwe muhuri. Lakini muhuri haubandui gome, na mkaguzi anayeona paleti yenye vipande vya magome ana haki ya kutoa panga lake. Gogo la mtego bandarini ningelikataa, kwa kuwa likisahaulika hapo linampa mgeni nyumba ya kwanza.

Shamba kubwa linalovunwa kila mwaka lichague ukaguzi wa mabaki na mabanzi kama kazi ya kila siku, na magogo ya mtego katika vitalu ambavyo havijavunwa, hasa vile vilivyopitiwa na moto au ukame, kwa kuwa Orthotomicus erosus huanza na miti dhaifu kabla ya kuthubutu kuigusa mingine. Mitego michache ya faneli inaweza kuongezwa karibu na karakana na barabara kuu zinakopita lori, iwapo tu mchambuzi yupo. Kama bajeti inatosha jambo moja, ningeiweka kwa watu wawili waliofunzwa na pikipiki, na mitego ningeiacha dukani.

Mkulima wa ekari tano au kumi hana haja ya kifaa chochote. Anachohitaji ni kuzunguka shamba lake baada ya kiangazi na baada ya kila moto, kutazama shina, kung'oa miche iliyokauka, na kutokuacha magogo yenye magome yakilala shambani msimu baada ya msimu. Akiona unga wa kahawia juu ya gome, hiyo bado si habari ya mgeni, kwani wako wadudu wengi wanaokula mbao zilizokatwa. Ni sababu ya kuchukua sampuli.

Na sampuli ndiyo mlango ambao njia zote nne lazima zipite. Orthotomicus erosus ana urefu wa milimita 3 hivi, na nyuma ya mabawa yake magumu kuna mteremko wenye miiba minne kila upande, ambao wa pili kutoka juu kwa dume ni mkubwa kuliko mingine. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi inatosha kukutia shaka, lakini haitoshi kukupa jina. Jina litoke kwa mtaalamu. Tanzania kuna TAFORI kwa utafiti wa misitu na TPHPA kwa afya ya mimea, Kenya kuna KEFRI na KEPHIS, na kusini kuna FABI ya Chuo Kikuu cha Pretoria, ambayo wadudu wa misonobari ni sehemu ya kazi yake ya miaka mingi. Kabla ya kununua mtego wa kwanza, ni vema kuulizana na mmoja wao atapokea sampuli ngapi kwa mwezi, na idadi hiyo ndiyo iamue mitego iwe mingapi.

Weka mbawakawa kadhaa, wala si mmoja, kwenye kichupa chenye spiriti, pamoja na kipande cha gome chenye njia zao kilichofungwa kando kwenye karatasi kavu, kwa sababu mchoro wa njia humsaidia mtaalamu karibu sawa na mdudu mwenyewe. Ndani ya kichupa tia karatasi yenye tarehe, mahali, aina ya mti na jina la aliyekusanya, na uiandike kwa penseli. Wino wa kalamu ukilowa spiriti huyeyuka, na kichupa hufika maabara kikiwa na mdudu asiyejulikana ametoka wapi.